Kwa Miguu Hadi Derna, 1805

Wimbo wa kikosi cha Marine cha Marekani unataja ufuko wa Tripoli, katika Libya ya leo, mwanzoni kabisa. Ajabu ni kwamba askari walioufanya utajwe hawakutia mguu Tripoli. Waliishia Derna, mji wa pwani ulio mbali sana mashariki, na walipofika hapo wao wenyewe hawakuwa hata kumi.

Chanzo kilikuwa fedha. Pasha, yaani mtawala, wa Tripoli, Yusuf Karamanli, alitaka Wamarekani wamwongezee malipo ili meli zao za biashara zisitekwe. Walipokaidi, mwaka 1801 akatuma watu wakaukata mlingoti wa bendera nyumbani kwa konseli wao, na vita vikawa vimetangazwa. Oktoba 1803 manowari ya Kimarekani, Philadelphia, ikakwama kwenye mwamba nje ya bandari ya Tripoli. Nahodha wake, William Bainbridge, na watu zaidi ya 300 wakaswagwa hadi kifungoni.

William Eaton, aliyekuwa konseli huko Tunis, akaja na wazo lake. Yusuf alikitwaa kiti kwa kumpiku kaka yake Ahmad, ambaye Wamarekani walimwita Hamet, naye Hamet alikuwa Misri akijihifadhi kwa Wamamluki, mabwana wa kijeshi wa nchi hiyo. Mtafute, mpe watu na silaha, mrudishe kwake, mateka watatoka bila kulipiwa. Eaton akamtafuta, akampata, na tarehe 23 Februari 1805 wakatia saini mapatano. Karatasi hiyo ndiyo iliyomfanya Eaton jenerali. Serikali yake haikuwahi kumpa cheo hicho.

Eaton aliandika shajara njia nzima. Nimeifuata tarehe kwa tarehe, na siku ambazo hakuna zaidi ya maili walizotembea nimeziruka.

8 Machi, Burj al-Arab

Wanang'oa kambi magharibi ya Alexandria. Wote ni kama 400. Wamarekani ni kumi: Eaton, Luteni Presley O'Bannon, kijana wa manowari aitwaye Peck, na Marine saba. Kuna Wagiriki 38, wapiga mizinga 25 waliookotwa Misri kutoka mataifa mbalimbali, watu wa Hamet kama 90, na waliobaki ni wapanda farasi Waarabu na watembea kwa miguu. Ngamia ni 107, na punda kadhaa.

Kwa hesabu ya Kiislamu ulikuwa Mfunguo Tatu wa mwaka 1219, na mwaka mpya ungewakuta njiani. Mbele yao kulikuwa na karibu kilomita 800 za ufuko na jangwa, njia ileile waliyozoea mahujaji wa Maghribi kwenda na kurudi Makka. Siku ya kwanza walitembea maili 15, wakalala penye maji.

9 na 10 Machi

Wenye ngamia wanagoma. Wanataka fedha mkononi kabla ya kuinua mguu. Sheikh mmoja, el Tahib, amewanong'oneza kwamba wakifanya kazi kwanza Wakristo watawadhulumu. Eaton anawapanga watu wake na kujifanya anarudi Alexandria, safari imekufa, kila mtu na lake. Wanakubali, wanaendelea.

Msomaji anayejua habari za misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji hatashangaa. Mpagazi aliyewahi kudhulumiwa posho hasogei kwa hotuba. Eaton anawaita wezi na walaghai ukurasa baada ya ukurasa, lakini tukiwapa na wao nafasi ya kusema, wangeuliza swali jepesi: huyu mgeni mwenye cheo cha kujipachika, anayekwenda kumpiga pasha kwa watu 400, akifia njiani nani atatulipa?

13 Machi

Mjumbe anatoka Derna na habari njema: jimbo zima limesimama upande wa Hamet, gavana amejifungia ngomeni. Waliotangulia wanapiga bunduki hewani kwa furaha. Walio nyuma na mizigo wanasikia milio na kudhani msafara umevamiwa na Waarabu wa jangwani, basi wanaanza kuwapokonya Wakristo silaha ili wawaue kabla mambo hayajageuka. Mtu mmoja mwenye heshima kati yao ndiye aliyewazuia.

Habari zenyewe hazikuwa kweli.

Katikati ya Machi

Mvua, baridi na upepo. Kambi inajaa maji, wanahamisha mahema. Anayedhani jangwa la pwani ile ni joto tupu hajakutana na Machi ya Bahari ya Kati.

18 Machi, ngome ya Massouah

Hapa ndipo Eaton anapogundua jambo ambalo Hamet hakumwambia: ngamia wamekodiwa mwisho hapa. Wenyewe wanataka malipo yao warudi Misri kwa wake zao. Eaton anaanza kuomba. Anakusanya kutoka kwa maofisa, kwa Wagiriki na hata mifukoni mwa wale Marine, mpaka zinapatikana dola 673 na nusu. Wenye ngamia wanazipokea, wanaahidi kwenda siku mbili zaidi, na usiku wengi wao wanatoweka na ngamia wao. Wachache waliosalia wanawafuata usiku wa pili.

Kikosi kidogo kilichotumwa kubadilisha utawala wa nchi, mifukoni hakina hata senti, na kimekaa juu ya magunia ya mchele yasiyo na wa kuyabeba. Masheikh nao wanasema hawaendi popote mpaka mjumbe afike ghuba ya Bomba, mbele njiani, na kurudi na habari kwamba manowari za Marekani zipo. Eaton anatumia silaha pekee aliyo nayo: anakata posho. Anasema atajifungia ngomeni na Wakristo wake na chakula chote mpaka wenzao wa baharini waje kuwachukua, Hamet na watu wake watajua wenyewe la kufanya. Siku ya pili ngamia hamsini wanarudi.

22 Machi

Siku nzuri, tena ndefu. Wanafika penye kambi kubwa ya makabila ya Waarabu wa jangwani, mahema na mifugo hadi upeo wa macho. Wenyeji hawajawahi kuona Wakristo. Wanazicheka nguo zao, wanaushangaa mng'aro wa silaha zao, na mkate wanauonja kwanza kwa wasiwasi. Wanauza tende zilizotoka Siwa, oasi iliyo safari ya siku tano kusini. Baadhi ya wapanda farasi wao wanajiunga, na Eaton anapata ngamia wengine 90 wa kwenda hadi Bomba, kila mmoja kwa dola 11. Fedha ya kuwalipa ipo kwenye manowari ambayo haijaonekana.

26 hadi 30 Machi

Mjumbe mwingine, habari mbaya safari hii: Yusuf ametuma jeshi kutoka Tripoli kwenda kuilinda Derna. Wenye ngamia wanakimbia. Sheikh el Tahib anachukua watu wake anarudi Misri, kisha anarejea. Hamet mwenyewe anataka kurudi. Halafu masheikh wawili wanagombania dola 1,500 walizopewa wagawane, mmoja anaondoka kwa hasira, na Hamet anatoka kumfuata ili kumbembeleza.

Wengi walioandika habari hizi wanamwita Hamet mwoga na kigeugeu. Mimi sioni hivyo. Mkewe na watoto wake walikuwa Tripoli mikononi mwa Yusuf, na Yusuf alikuwa amekwisha kuua ndugu yao mkubwa kwa mkono wake. Kila hatua ya kuelekea magharibi Hamet aliipiga akilijua hilo. Eaton hakuwa na mtoto Tripoli.

2 Aprili

Mwaka 1220 umeingia. Hamet amerudi na sheikh wake. Wanakaa hemani, Eaton anawasema, wanaapishana upya. Sasa wapiganaji ni 600 au 700, na ukijumlisha wake, watoto na wafuasi wa kambi wamefika kama 1,200. Wote wanakula, na mchele ni uleule.

8 Aprili

Wamevuka mteremko mkubwa wa Sallum. Asubuhi wanafika penye birika la maji ya mvua. Eaton anataka wanywe waendelee, maana mchele uliobaki ni wa siku sita. Hamet anasema watu wamechoka, wapumzike, na mjumbe atangulie Bomba. Eaton anakata posho tena.

Mchana Waarabu wanaanza kujipanga kulivamia hema la chakula. Eaton anawasimamisha Wakristo mbele yake kwa mstari. Hamet anapanda farasi, na watu wake wanamfuata. Kwa saa nzima pande mbili za jeshi moja zinatazamana. Hasira inaanza kupoa, Hamet anashuka, na hapo ndipo Eaton anafanya jambo ambalo hadi leo silielewi: anamwamuru O'Bannon awafanyishe askari mazoezi ya bunduki, kama kawaida ya kila siku. Kule upande wa pili mtu anapaza sauti kwamba Wakristo wanajiandaa kufyatua. Wapanda farasi 200 wanakuja kwa mbio.

Mstari haukutikisika. Baadhi ya watu wa Hamet tayari wamelenga, neno la kufyatua limetamkwa, na wengine wanapiga kelele kwamba kwa jina la Mungu wasifyatue, hawa ni rafiki zetu. Eaton anasogea peke yake kuelekea kwa Hamet na kumpungia mkono. Wakuu kadhaa wa Hamet wanaingia kati na panga mikononi, wanawarudisha watu wao nyuma. Baadaye Hamet anamkumbatia O'Bannon na kumsifu kwa ushujaa wake. Mchele unagawiwa kwa ahadi kwamba kesho wataondoka.

Katika kila simulizi tukio hili hutajwa kuwa ni siku Marine waliposimama imara. Kweli walisimama, lakini waliowaokoa ni wale maofisa wa Hamet waliojitupa mbele ya farasi wa wenzao, na majina yao hayamo midomoni mwa mtu.

9 Aprili

Birika jingine. Ndani yake wamo maiti wawili, huenda mahujaji waliouawa. Wakayanywa maji yale.

Peck aliandika barua baada ya safari. Anasema mara nyingi walikaa saa 24 bila maji, na safari moja saa 47 bila hata tone. Farasi walikuwa wakila walichokiokota mchangani.

10 Aprili

Posho ni konzi ya mchele na biskuti mbili ngumu za mabaharia. Wapiga mizinga wanaasi, wanataka kula wakashiba. Kabla damu haijamwagika mjumbe anafika: manowari zimeonekana Bomba. Walioasi wanafunga mizigo haraka kuliko wote.

13 na 14 Aprili

Biskuti zimekwisha, mchele umekwisha. Hamet anachinja ngamia wake mmoja, mwingine anabadilishana na wenyeji kwa kondoo. Nyama inaliwa bila chumvi wala mkate. Kesho yake watu wanasambaa vichakani wakichuma shamari ya mwituni na majani machachu.

15 Aprili, Bomba

Wanafika alasiri. Bahari iko tupu. Manowari zilikuja kweli, zikasubiri, zikaondoka.

Waarabu wanasema wametapeliwa, kesho wataondoka. Eaton na Wakristo wanajitenga, wanapanda mlimani na kuwasha mioto mikubwa usiku kucha. Kesho yake saa mbili asubuhi mtunza fedha wa Hamet anapanda kilimani mara ya mwisho na kuona tanga. Ni Argus, ya Nahodha Isaac Hull, ambayo watu wake waliiona mioto. Siku iliyofuata ikaja Hornet na shehena ya chakula. Wakala, wakaoga, wakalipana. Hull alikuwa na dola 7,000 za msafara huu.

23 na 24 Aprili

Njia inaingia nchi ya kijani, milima yenye miti na mashamba ya shayiri. Mpiga mbiu wa Hamet anapita kambini akitangaza kwamba amchaye Mungu na kumpenda Hamet asiharibu chochote, na atakayegusa mavuno atakatwa mkono wa kulia. Ni tangazo la mtu anayerudi kwa raia wake. Shajara imelinukuu bila kusema lolote juu yake.

26 Aprili, Derna

Mji uko chini yao, kati ya milima na bahari, umepasuliwa na bonde la mto. (Ni bonde hilohilo lililoupasua mji Septemba 2023, mabwawa yalipobomoka usiku wa kimbunga Daniel.) Una mitaa mitatu. Masheikh wa mitaa miwili wamekuja usiku kumwambia Hamet wako naye. Wa tatu ni wa gavana Mustafa, mwenye watu 800, mizinga minane upande wa bahari na nyumba zilizotobolewa matundu ya bunduki.

Eaton anamwandikia gavana kwa adabu, anaomba njia na chakula, na anaahidi kwamba cheo chake kitabaki. Jibu linarudi nyuma ya barua ileile: kichwa changu au chako.

27 Aprili

Hull amekuja na Argus, Hornet na Nautilus. Mzinga mmoja wa nchi kavu unavutwa kwa kamba hadi juu ya mwamba mrefu. Kazi imekula muda mwingi, wa pili wanauacha.

Saa nane mchana moto unawaka pande zote. Hamet na wapanda farasi wake wanazunguka nyuma ya mji na kuishika ngome kuukuu. Manowari zinainyamazisha mizinga ya bandarini kwa chini ya saa moja, lakini waliokuwa wakiipiga wanakimbilia mtaani na kuongeza nguvu upande wa O'Bannon. Huko wapiga mizinga, kwa pupa, wanafyatua mdeki wao, fimbo ya kushindilia baruti, pamoja na risasi, na mzinga unabaki pambo. Watu wa Eaton hawazidi 60, mbele yao wako mamia. Anaona kukaa ni kufa, anaamuru wakimbie mbele na singe. Risasi inampiga kifundo cha mkono wa kushoto. Marine mmoja anakufa palepale, mwingine baadaye kwa majeraha. Wakristo waliouawa na kujeruhiwa ni 14, wengi Wagiriki. Waarabu wa Hamet walioanguka siku hiyo hawakuhesabiwa.

Saa tisa na nusu O'Bannon anapandisha bendera ya Marekani kwenye ngome ya bandari, na saa kumi mji umekwisha. Gavana Mustafa anaingia msikitini, kisha nyumbani kwa sheikh mmoja, sehemu ya wanawake. Eaton anamtaka. Sheikh, ambaye mtaa wake uko upande wa Hamet, anakataa: mgeni aliyekwisha kuingia kwake hatolewi. Jenerali alifoka, akatisha, hakumpata. Baadaye Mustafa alitoroka.

Mei

Jeshi la Yusuf limefika, limechelewa kidogo tu. Tarehe 13 linaingia hadi karibu na nyumba ya Hamet kabla ya kurudishwa. Wenyeji wa Derna ndio wanaopigana sasa, mitaani mwao. Eaton anaandika barua za kuomba fedha na Marine zaidi. Hazileti kitu.

10 na 11 Juni

Tarehe 10 kunapiganwa pigano kubwa kuliko yote nje ya mji. Hamet anashinda na wapanda farasi wake, karibu peke yao, bila Wakristo. Mtu aliyeitwa mwoga toka Misri.

Kesho yake manowari Constellation inaingia na barua. Amani imekwisha kufanywa. Tarehe 4 Juni mjumbe wa Marekani, Tobias Lear, amekubaliana na Yusuf: mateka wanaachiwa kwa dola 60,000, Marekani inaondoka Derna, na Hamet atakwenda nao. Waliokufa tarehe 10 walikufa ndani ya amani wasiyoijua.

12 Juni, usiku

Eaton anagawa risasi na chakula na kueneza habari kwamba kesho watashambulia. Anaweka Marine wa zamu penye njia za ngome ili mtu asipite. Kisha mashua zinaanza kupakia gizani: wapiga mizinga na mzinga wao, Wagiriki, Hamet na watu wake kama 40, halafu Marine. Eaton anaingia wa mwisho katika mashua ndogo.

Alikuwa bado hajafika mbali pwani ilipojaa watu. Wengine walimwita Hamet, wengine walimwita yeye, wengine walipiga mayowe, wengine walilaani. Walichukua mahema na farasi waliobaki. Kabla ya mapambazuko wale Waarabu waliotembea nao toka Misri walikuwa wamekimbilia milimani, na wengi wa wenyeji pamoja nao. Eaton ameyaandika yote haya kwa uchungu, na hakujificha nyuma ya amri aliyopewa.

Baadaye

O'Bannon alipewa upanga na jimbo la Virginia. Jimbo la Massachusetts lilimpa Eaton ekari 10,000 za ardhi. Alikufa mwaka 1811, akinywa sana na kuzungumza juu ya Derna kwa yeyote aliyeketi karibu.

Hamet aliwekwa Syracuse, kisiwani Sicily, akila dola 200 kwa mwezi. Mkataba ulisema familia yake itaachiwa, lakini Lear alikuwa amemwandikia Yusuf karatasi nyingine ya siri inayomruhusu kuishikilia hadi miaka minne. Mke na watoto walitoka mwaka 1807. Mwaka 1809 Yusuf mwenyewe alimteua kaka yake kuwa gavana wa Derna, bila risasi kulia. Walikosana tena baada ya muda, Hamet akakimbilia Misri, na huko akafa.